Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari: njia za wanyama wanaohama zihesabiwe kuwa ushahidi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya uvuvi, mazingira na usafiri wa majini. Kwa Wakuu wa mashirika ya kikanda yanayosimamia uvuvi wa bahari kuu. Na kwa Wajumbe wa Mkutano wa Nchi Wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai ya Bahari Kuu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba jambo moja. Kila mnapokaa kuamua meli zipite wapi, mishipi mirefu itegwe wapi, na sehemu gani ya bahari ihifadhiwe, rekodi za safari za wanyama wanaohama ziwekwe mezani kabla ya uamuzi kufikiwa. Na ili jambo hilo liwezekane, rekodi hizo zipewe mahali pa kudumu pa kutunzwa, pamoja na sheria inayomlazimu aliyezikusanya kuzifikisha hapo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusafisha na kusoma rekodi za aina hii: kutenganisha alama ya kweli na kosa la kifaa, kisha kuchora njia ya mnyama ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Najua zina nini na najua zimepungukiwa nini, na yote mawili nitayaeleza.

Nianze na namna zinavyopatikana, kwa sababu nimeshuhudia zaidi ya mara moja hoja ikitupwa kikaoni na mtu aliyedhani kwamba mistari iliyo kwenye ramani ni makisio ya wapenda wanyama. Maji ya chumvi huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo kifaa kilicho mwilini mwa mnyama aliyezama hakiwezi kuwasiliana na setilaiti. Kasa, sili na nyangumi hulazimika kuja juu kuvuta pumzi, na hapo ndipo tunapowapata: kifaa hutambua kwamba kimetoka majini, hutuma ishara katika sekunde hizo chache, na setilaiti zinazobeba mfumo wa Argos, ulioanza kazi mwaka 1978, huipokea kutoka kimo cha takriban kilomita 850. Mahali ilipotoka ishara hukadiriwa kwa kupima jinsi masafa yake yanavyobadilika setilaiti inapokaribia na kisha kwenda mbali, kama mlio wa honi unavyobadilika gari linapokupita. Mnyama akiibuka kwa muda wa kutosha, kosa huwa la mita mia chache. Akichungulia tu na kuzama tena, kosa linaweza kuwa la kilomita kadhaa. Vifaa vipya zaidi hunasa ishara za GPS kwa muda ulio chini ya sekunde moja, na hivyo vimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Jodari na papa wengi hawana haja ya kuja juu, na kwao hutumika njia nyingine. Kifaa hurekodi mwanga, kina na joto la maji siku baada ya siku. Urefu wa mchana hutoa makadirio ya latitudo, na saa ambayo jua hufika utosini hutoa longitudo. Siku iliyopangwa ikifika, umeme mdogo huila pini inayokishikilia kifaa, kifaa huachia na kuelea juu, kisha hutuma muhtasari wa miezi yote hiyo hadi betri iishe. Udhaifu wake unajulikana: karibu na Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana dunia nzima, latitudo huwa haisomeki vizuri kwa mwanga peke yake, na msomaji hulazimika kuilinganisha na joto la uso wa bahari. Kosa hilo huandikwa pembeni mwa kila alama, kwa kilomita. Naomba mlikumbuke hilo mnapoambiwa kwamba rekodi hizi hazina uhakika, kwa maana takwimu nyingi za mavuno mnazozitumia kugawa viwango vya uvuvi hufika mezani kwenu bila kipimo chochote cha kosa.

Ipo pia njia ya sauti. Mnyama huwekewa kifaa kinachotoa mlio wenye namba yake, na vipokezi vilivyotegwa chini ya bahari huuandika kila anapopita karibu. Mtandao wa Ocean Tracking Network, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Canada, huunganisha vipokezi vya namna hiyo kutoka sehemu nyingi za dunia, hivi kwamba samaki aliyewekewa kifaa na watafiti wa nchi moja anaweza kusikika kwenye vipokezi vya nchi nyingine.

Sasa tuone mistari hiyo imeonyesha nini. Novemba 2003 papa mweupe jike aliyepewa jina la Nicole aliwekewa kifaa nje ya pwani ya Afrika Kusini. Siku 99 baadaye kifaa kiliibuka magharibi mwa Australia, kilomita zipatazo 11,000 kutoka alikoanzia, na Agosti 2004 alitambuliwa tena Afrika Kusini kwa alama za pezi lake la mgongoni. Kasa mmoja wa aina ya noa aliyewekewa kifaa alipopanda ufukweni kutaga mayai Papua, nchini Indonesia, alifuatiliwa kwa siku 647 na kilomita 20,558 hadi kwenye maji yaliyo mbele ya Oregon, Marekani. Buabua wa Aktiki, ndege mwenye uzito usiofikia robo kilo, alibeba kifaa cha gramu 1.4 na kutuonyesha kwamba kwa mwaka mmoja husafiri takriban kilomita 70,900 kati ya ncha moja ya dunia na nyingine.

Habari hizi husomwa kama maajabu, na ni maajabu kweli. Kwenu, hata hivyo, zina maana ya kiutawala. Katika Bahari ya Pasifiki, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 uliunganisha rekodi za wanyama zaidi ya 1,600 wa aina 14, na ukaonyesha kwamba baadhi ya aina hizo hutumia kati ya asilimia 45 na 75 ya mwaka katika bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Nchi inaweza kulinda fukwe za kutagia kwa askari na kwa sheria kali, na bado ikawapoteza kasa wake mahali ambapo askari wake hawana ruhusa ya kufika. Asiyejua wanyama wake wanakwenda wapi hajui azungumze na nani.

Mfano ninaoutaka mkae nao kwa muda ni wa jodari wakubwa wa Atlantiki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tume ya kimataifa inayosimamia uvuvi wao, ICCAT, ilikata bahari vipande viwili kwenye longitudo ya digrii 45 magharibi: samaki wa upande huu wakahesabiwa kuwa kundi moja, wa upande ule kundi jingine, kila kundi na kiwango chake cha kuvuliwa. Mstari huo ulichorwa kwa nia njema na kwa elimu iliyokuwepo. Kuanzia miaka ya 1990, vifaa vya kielektroniki vilionyesha kwamba jodari huuvuka bila kuujua. Wanaozaliwa Mediterania hula pamoja na wanaozaliwa Ghuba ya Meksiko, katika maji yaleyale yaliyo mbele ya Amerika ya Kaskazini, kisha kila kundi hurudi kwao kutaga. Kundi la magharibi ni dogo kuliko la mashariki kwa mbali, kwa hiyo samaki wachache wa magharibi wanaovuliwa kwa hesabu ya mashariki ni hasara isiyoonekana kwenye kitabu chochote. Ushahidi huo ulikuwa umechapishwa na kujulikana. Hata hivyo ilikuwa mwaka 2022 ndipo tume hiyo ilipopitisha utaratibu wa kupanga viwango unaozingatia kuchanganyika huko. Nawapongeza waliofika hapo, na ninahuzunika nikihesabu miaka iliyopita katikati.

Rekodi za papa potwe zimenisumbua kuliko zote. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeogelea taratibu karibu na uso wa maji akichuja chakula chake, na ngozi yake haimwokoi mbele ya meli ya mizigo. Mwaka 2022 kundi la watafiti kutoka nchi nyingi lilichapisha uchambuzi wa rekodi za papa potwe 348 zilizowekwa sambamba na njia za meli kubwa. Asilimia 92 ya eneo wanalotumia, likipimwa kwa upana wa bahari, na karibu nusu likipimwa kwa kina, liligongana na njia hizo. Tena, mawasiliano ya vifaa yalikatika mara nyingi zaidi katika maeneo yenye meli nyingi kuliko hitilafu za kawaida za vifaa zingeweza kueleza, na baadhi ya rekodi zilimwonyesha papa akiingia njia ya meli, kisha akishuka polepole, bila mwendo wake wa kawaida, hadi sakafu ya bahari. Papa potwe aliyekufa huzama. Hakuna mzoga unaotupwa ufukweni, hakuna nahodha aliyehisi kishindo, na hakuna ripoti inayoandikwa. Mimi mwenyewe nimesoma mistari iliyoishia namna hiyo, na najua tofauti kati ya betri iliyochoka, inayofifia siku hadi siku, na mstari uliokatwa.

Mtasema kwamba njia za meli haziwezi kuhamishwa kwa ajili ya samaki. Zimeshahamishwa. Katika Ghuba ya Panama, ambako nyangumi wenye nundu huja kuzaa, watafiti waliwawekea nyangumi vifaa vya setilaiti, wakaweka njia zao juu ya njia za meli zinazoelekea kwenye mfereji, na matokeo yakapelekwa na serikali ya Panama mbele ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini. Shirika lilikubali. Tangu tarehe 1 Desemba 2014 meli hupita katika njia maalumu zilizotenganishwa, na kuanzia Agosti hadi Novemba hutakiwa kupunguza mwendo usizidi noti 10, yaani takriban kilomita 18 kwa saa. Biashara ya mfereji haikusimama. Utafiti ule ulitumia idadi ndogo tu ya nyangumi. Uzito wake ulitokana na serikali iliyoamua kuubeba.

Lakini ramani ikishachorwa haipaswi kuachwa ikazeeka. Nyangumi wa kaskazini mwa Atlantiki waitwao "right whale", ambao sasa hawafiki 400, walikuwa wakijulikana kwa miongo mingi kukusanyika majira ya kiangazi katika Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Canada, na ulinzi ukajengwa hapo: njia za meli zilisogezwa mwaka 2003 kwa ajili yao. Maji yalipozidi kuwa na joto, vijidudu vya baharini wanavyokula vilipungua pale, na kuanzia takriban mwaka 2010 nyangumi wakaanza kutafuta chakula kwingine, wengi wakiingia Ghuba ya Saint Lawrence, ambako hakukuwa na kanuni iliyowangojea. Mwaka 2017 walipatikana wamekufa 17, kati yao 12 katika maji ya Canada, wengi waliochunguzwa wakiwa wamegongwa na meli au wamenaswa na kamba za mitego. Kikomo cha mwendo wa meli kiliwekwa Agosti ya mwaka huohuo, vifo vingi vikiwa vimeshatokea. Wanyama walikuwa wamehama. Ulinzi ulibaki ukilinda mahali.

Ndiyo maana nasema hifadhi zenye mipaka isiyosogea, pamoja na faida zake zote, hazitoshi kwa viumbe hawa. Tangu mwaka 2006 wavuvi wa mishipi mirefu wa Hawaii wamekuwa wakipewa ramani ya TurtleWatch, iliyotengenezwa kwa kuunganisha njia za kasa duvi na joto la uso wa bahari, inayoonyesha ukanda wa maji ambao ni afadhali waukwepe kwa wakati huo. Ukanda huo husogea na joto, na ramani husogea nao. Mvuvi hafungiwi bahari nzima. Huambiwa kasa wako wapi wiki hii. Nadhani ni mpango wa haki kwa pande zote mbili, na sijui kwa nini umebaki kuwa mfano wa kutajwa katika semina badala ya kuwa desturi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mahali rekodi zinapoishia. Mradi wa kuwawekea wanyama vifaa hupata fedha za miaka miwili au mitatu. Fedha zikiisha, mtafiti huhama, na rekodi hubaki kwenye kompyuta ya mtu, kwenye kabati, au kwenye akaunti ambayo hakuna anayeilipia. Zipo hazina za pamoja zinazofanya kazi nzuri, kama Movebank na hazina ya ndege wa baharini ya BirdLife, lakini kuzipelekea rekodi ni hiari katika sehemu nyingi. Niliwahi kuletewa diski za mradi uliofungwa, zenye rekodi za kasa za misimu kadhaa. Mafaili yalifunguka. Daftari lililoeleza kifaa kipi kilikuwa kwa mnyama yupi, kilibandikwa lini, na saa iliyoandikwa ni ya wapi, lilikuwa limepotea, na ofisi iliyomiliki mradi haikuwa na mtu wa kuulizwa. Nilizifanyia kazi kwa wiki nyingi, na mwishoni nikaziweka kando, kwa sababu nisingeweza kuapa juu ya mstari hata mmoja.

Hasara hiyo hubebwa kwanza na mnyama. Kumwekea kifaa ni kumsumbua: kasa huzuiliwa ufukweni akimaliza kutaga huku gundi ikikauka mgongoni mwake, papa huvutwa hadi ubavuni mwa boti, nyangumi huchomwa mshale. Mwaka 2016 orka (nyangumi muuaji) dume aliyejulikana kwa namba L95, wa kundi dogo lililo hatarini kutoweka, alikutwa amekufa, na uchunguzi ukaonyesha maambukizi ya kuvu yaliyohusishwa na jeraha la kifaa. Watafiti husika walisimamisha kazi hiyo na kuyaweka matokeo wazi, na walifanya sawa. Mnyama akishalipa gharama hiyo, kuiacha rekodi yake ipotee kabatini ni kosa la kimaadili, na kibali kilichotolewa bila sharti la kuitunza kimeshiriki kosa hilo.

Nafahamu hofu iliyopo upande wa pili. Rekodi inayoonyesha papa yuko wapi leo inaweza kumfaa anayetaka mapezi yake. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili kanuni: alama za aina zilizo hatarini zicheleweshwe kabla ya kutolewa kwa umma, zitolewe kwa miraba mipana badala ya nukta, na mamlaka zipewe ukamilifu wake kwa kiapo cha kutunza siri. Haistahili kuwa sababu ya kuzificha kwa vikao vyenu wenyewe. Na mkumbuke kwamba wanyama hawa hufichua pia. Albatrosi 169 wa kusini mwa Bahari ya Hindi walibebeshwa vifaa vinavyonasa rada za meli, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya meli walizokutana nazo hazikuwa zikitangaza mahali zilipo kwa mfumo wa utambulisho wa meli, na katika maji ya kimataifa idadi hiyo ilikuwa zaidi ya theluthi moja. Sili-tembo wa kusini nao, wakiwa na vihisi vilivyogundishwa kichwani hadi watakapobadili manyoya, wametupatia vipimo vingi vya joto na chumvi kutoka maji ya Antaktiki ambayo meli hushindwa kuyafikia wakati wa baridi. Serikali zinazotumia utabiri wa bahari zinanufaika na kazi ya wanyama hawa hata zisipojua.

Hali yenyewe hairuhusu kungoja. Ripoti ya mwaka 2024 ya Mkataba wa Wanyamapori Wanaohama ilieleza kwamba asilimia 44 ya aina zilizoorodheshwa zinapungua, na kwamba kati ya samaki walioorodheshwa asilimia 97 wako katika hatari ya kutoweka. Papa na taa wa bahari ya wazi wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa kila mmoja wenu kadiri ya mamlaka yake. Mnaotoa vibali vya utafiti, wekeni sharti kwamba rekodi za kila kifaa, pamoja na maelezo yake yote, zifikishwe kwenye hazina inayotambulika ndani ya muda maalumu, na kwamba sehemu ya bajeti itengwe kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mnaogawa viwango vya uvuvi, msipokee pendekezo ambalo halijawekwa juu ya njia zinazojulikana za papa, kasa na ndege wa eneo hilo. Mnaosimamia usafiri wa majini, zipitieni upya njia za meli katika maeneo ambayo papa potwe na nyangumi wamekwisha kuonyeshwa kukusanyika, na fanyeni hivyo kila baada ya miaka michache. Mnaotoa fedha, fadhilini kile kisichojulikana: kasa wengi waliowahi kuwekewa vifaa ni majike waliokomaa, kwa sababu ndio wanaopanda ufukweni, na safari za madume na za makinda wanaoelea miaka ya mwanzo zimerekodiwa kwa uchache mno, ilhali makinda hao ndio watakaotaga miaka ijayo.

Na kwenu Wajumbe wa Mkataba wa Bahari Kuu, uliopitishwa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2026: sehemu mliyokabidhiwa ni karibu theluthi mbili za uso wa bahari zote. Mkataba wenu unataka tathmini ya athari kabla ya shughuli mpya, unaruhusu kutenga maeneo ya kuhifadhiwa, na umeunda mfumo wa kubadilishana taarifa. Taratibu za mfumo huo bado zinajengwa. Huu ndio wakati wa kuandika ndani yake kwamba njia za wanyama wanaohama ni taarifa za lazima, kwa sababu kanuni iliyosahauliwa mwanzoni huchukua miaka kuingizwa baadaye, kama jodari walivyotuonyesha.

Naomba nijibiwe kwa maandishi na hadharani, kama nilivyoandika, maswali mawili tu: ni ofisi ipi chini ya mamlaka yako inayopokea rekodi za wanyama waliowekewa vifaa katika maji yenu au na watafiti wenu, na ni kikao kipi cha mwaka huu ambacho kitazisoma kabla ya kuamua.

Kwa heshima,

Msomaji wa rekodi za safari za wanyama wa bahari